Kiti cha Watu Wawili

Jina la mwenzangu sitaliandika hapa. Nimelitumia vya kutosha.

Kwa miaka saba nililiitikia jina hilo langoni mwa kiwanda cha blanketi, kule Kakiika, pembeni mwa mji wa Mbarara. Langu mwenyewe lilibaki Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye karatasi ya ukimbizi, pamoja na mume wangu, wanangu na shamba la mihogo. Kiwandani hakuna aliyelijua wala aliyeliuliza. Hata leo nikisikia jina la mwenzangu likiitwa sokoni, miguu hushtuka kabla ya akili, na inabidi nijikaze nisiitike.

Tuliingia Nakivale mwishoni mwa miaka ya tisini, tukitokea Kivu ya Kusini. Habari za njiani sizisimulii. Kila jirani yangu ana za kwake, na sisi kwa sisi hatuulizani. Tulipewa kiwanja, turubai, jembe na sufuria, tukaambiwa tulime. Mvua ya mwaka wa kwanza ilituonea huruma, ya mwaka wa pili haikutujua kabisa. Nikaanza kupeleka unga wa mihogo Mbarara na kuuza karibu na kambi ya jeshi, kwa sababu wake wa askari hawana mashamba na hununua bila kukuzungusha sana.

Hapo ndipo mwenzangu aliponiita. Alikuwa mke wa askari, mtu wa kaskazini, mrefu, na mimba yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilifika kwenye meza yangu kabla yake. Kinyankole hakukijua kunizidi mimi, ila kumwita kila mwanamke nyabo, yaani bibi. Alikuwa na lugha ya kwao na Kiswahili cha kambi, basi.

"Wewe nyabo ya Kongo! Unajua kushona?"

"Najua, dada. Kule kwetu nilikuwa nashona na mashini ya mukono."

"Iko vizuri. Wacha hiyo unga. Mimi natafuta mtu ya kushika kiti yangu."

Nilidhani ananitania. Akaketi kwenye gunia langu bila kukaribishwa, akanieleza. Kiwandani kwao walikuwa wanahesabu viti, hawaangalii sura. Kila asubuhi supavaiza alisimama langoni akasoma majina. Jina likiitwa mara mbili bila jibu, kiti kilipewa mmoja wa wanawake waliokuwa wakisubiri ng'ambo ya barabara, na ukikipoteza umekipoteza. Kwa hiyo mwanamke akijifungua au akiugua, alituma mwingine aitikie jina lake na kukalia kiti chake mpaka arudi. Wote walijua, na supavaiza alijua kuliko wote. Ilimradi blanketi zitoke, alitazama daftari lake na kuendelea kusoma.

Asubuhi yangu ya kwanza nilikaribia kukipoteza. Jina lilisomwa, nami nikasimama pale kama mgeni msibani, nikijiuliza huyo anayeitwa amechelewa wapi. Mama aliyekuwa nyuma yangu akanichoma ubavuni kwa kidole. Liliposomwa mara ya pili nilipiga ukelele wa "Niko!" hadi mlinzi akacheka.

Mwenzangu alipopata habari hizo hakucheka. Kuanzia jioni ile alinifanyia mazoezi. Nililala jikoni kwake, nyuma ya ile nyumba ya bati ya kambini, na akiwa anasonga ugali aliita jina lake mwenyewe ghafla, na mimi ilinibidi niitike kabla watoto wake hawajaitika kwa niaba yangu. Waliufanya mchezo. Nikiwa naosha vyombo, jina. Nikiwa nasali kabla ya kula, jina, na ole wangu nikichelewa. Siku moja tulicheka mpaka uji ukaungua, na mumewe akauliza kutoka ndani kama nyumba hii sasa ina wake wawili wenye jina moja. Baada ya wiki mbili niliitika bila kujua kama nimeitika.

Tulipatana miezi mitatu. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akatembea, na kiti kikabaki cha watu wawili. Ilitufaa sote. Wiki yangu nilikaa Mbarara. Wiki yake nilirudi Rubondo, nikalima, nikaimba kwaya, na siku ya kugawiwa chakula nikawepo mwenyewe na karatasi yangu mkononi. Yeye wiki hizo nilizokuwa kazini alikuwa na watoto wake. Mshahara tuligawana kwa wiki tulizokaa, wala hatukuwahi kugombana juu yake.

Kiti kilikuwa namba arobaini na moja, upande wa pindo. Blanketi zilitoka kwenye mitambo zikiwa za kijivu na mstari mwekundu, kingo zikiwa wazi, nyuzi zikining'inia. Kazi yetu ilikuwa kuzikunja kingo na kuzipiga uzi mnene ili zisifumuke. Ni kazi ndogo ukiisimulia. Lakini nyosha mkono usingizini uvute blanketi shingoni: unachoshika ni pindo. Nililijua hilo na nilikuwa na kiburi nacho. Mwenzangu alishona haraka, mimi nilishona vizuri, na blanketi ya wiki yangu na ya wiki yake ningekutofautishia gizani. Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, kigumu, tukakishonea mto kutokana na vipande vilivyobaki, kijivu kwa kijivu. Tuliuacha palepale kitini. Jumatatu ya wiki yangu niliukuta umebonyea kwa namna yake, na Ijumaa nilimwachia ukiwa umebonyea kwa namna yangu.

Miaka miwili ya mwisho mambo yalibadilika. Mumewe alirudi kutoka kazi ya mbali akiwa na ugonjwa wa figo. Mwenzangu akawa mtu wa hospitali, wa kubeba chakula na kufua mashuka. Wiki zake zikapungua. Mimi nikawa nakaa wiki tatu, yeye moja, kisha hata hiyo moja ikawa ya kubahatisha. Nilichoka, lakini sikulalamika mbele yake. Nyuma yake nililalamika, na Mungu anisamehe.

Mume akafariki. Wakampeleka kuzikwa kwao, na aliporudi alikuwa na muda uliohesabika wa kukaa katika ile nyumba, maana nyumba ya kambi ni ya askari, na askari hakuwepo tena. Watoto wanne. Kwa wakwe hakukuwa na mtu wa kumpokea, alinieleza hivyo mara moja tu na hakurudia.

Haikupita miezi miwili, kiwanda nacho kikafa. Mwenye kiwanda alipanda juu ya robota la pamba, akatuambia kwa upole kwamba blanketi za ng'ambo zinafika hapa kwa meli zikiwa rahisi kuliko uzi wetu peke yake. Amepata mwenzake huko. Kazi inahamia huko, na mashine zitafuata. Mama mmoja akauliza, "Na sisi tutafuata?" Watu wakacheka kicheko cha watu wasio na la kufanya. Mashine zikafungwa kwenye masanduku ya mbao. Nilisimama barabarani nikaitazama yangu ikipandishwa lori. Iliandikiwa karatasi za kusafiri ndani ya wiki mbili tu; mimi zangu nilikuwa nikizingoja mwaka wa tisa. Niliionea wivu cherehani, sioni aibu kulisema.

Ndipo serikali ilipoleta msaada. Afisa wa kazi wa wilaya alikuja akabandika tangazo: kila aliyemo kwenye orodha ya kiwanda, ambaye kazi yake imehamia ng'ambo, atafundishwa kazi nyingine miezi tisa katika shule ya ufundi mjini. Atalala huko na atakula huko, hata na watoto wake wadogo, na akimaliza atapewa vifaa vya kuanzia. Kulikuwa na ususi, useremala, ufundi wa pikipiki, na uokaji mikate. Waokaji wangepewa tanuri.

Sijawahi kumwona mwenzangu akitaka kitu kama alivyolitaka lile tanuri. Mahali pa kulala na wanawe kwa miezi tisa, kisha kazi ya mikono yake mwenyewe. Aliniketisha jikoni kwake, pale nilipozoea kulala.

"Jina ni moja, nyabo. Nitaenda mimi. Lakini kila Jumamosi unakuja, nakufundisha yote. Ile tanuri itakuwa ya sisi wawili, kama kiti. Unasikia?"

"Nasikia, dada."

"Na siku ya kuandikisha usikuje. Kama unakuja, kaa inje. Ile afisa hajui mambo ya kiti."

Nilikubali. Nataka ieleweke kwamba nilikubali kwa moyo wote, na nilipoondoka pale nilikuwa tayari naufikiria mkate wangu wa kwanza na nani wa kanisani ningempa aonje.

Nyumbani Rubondo mume wangu alikuwa akipukuchua mahindi. Nilimweleza. Hakuacha kupukuchua.

"Nani aliikala pa kile kiti siku mingi? Ni weye. Yeye alikuwa kwake, na bwana yake. Sasa yeye batamupa masomo, batamupa na vyombo. Weye batakupa nini?"

"Jina ni yake."

"Jina! Jina haishonake blanketi."

Mume wangu si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, kama mimi, na shamba lilikuwa jekundu kwa ukame. Lakini neno lile nililibeba. Nililala nalo, nikaamka nalo, na siku ya kuandikisha nilipanda nalo gari kwenda Mbarara. Nilijiambia naenda kuwaaga wanawake wa kiwandani. Si uongo, nilitaka kuwaaga. Lakini ningeweza kuwaagia nje.

Ilikuwa ikinyesha manyunyu. Watu walikusanyika katika ukumbi wa Kakiika, na mimi nikasimama mlangoni, kisha ndani kidogo ya mlango, kisha nikawa ndani. Mwenzangu aliniona. Akatikisa kichwa kwa kunionya, halafu, kwa vile nilikuwa nimelowa, akajisogeza kwenye benchi akanipa nafasi. Ndivyo alivyokuwa. Nikaketi ubavuni mwake. Tulikuwa hatujawahi kuwa pamoja mahali pa kazi, na wanawake walipotuona pamoja wakaanza kututania kwa furaha: leo arobaini na moja imezaa mapacha.

Afisa alikuwa kijana, mpole, shati limepigwa pasi. Mbele yake palikuwa na orodha, kidau cha wino wa kidole, na mtu wa kupiga picha. Supavaiza wetu wa zamani alikaa kando yake kama shahidi. Majina yakaanza kusomwa. Mtu anaitika, anakwenda mbele, anaweka kidole, anachagua kazi, anapigwa picha, anarudi akipuliza wino. Mambo yalikwenda kwa utaratibu mzuri, na mimi nilikuwa natazama kiatu cha mtoto mmoja kilichokuwa hakina kamba.

Akasoma jina.

"Niko!"

Tulikuwa tumesimama wote wawili. Sauti ilikuwa moja.

Ukumbi ulicheka kwanza, kwa sababu walitujua, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu walikumbuka tulipo. Afisa aliinua macho kwenye orodha, akatutazama, mmoja kisha mwingine.

"Wamama, hii jina ni ya nani?"

Kuhusu kuitika kule nimejihukumu na nimejiachilia. Niliitika kama mtu anavyofumba jicho mdudu akipita. Miaka saba nilifundishwa kuitika, na mwalimu wangu alikuwa amesimama hapo kando yangu. Nikiulizwa mbele ya Mungu nitasema hivyohivyo.

Lakini afisa aliuliza, na baada ya swali lake palikuwa na muda. Mwenzangu alinigeukia. Alikuwa bado na tabasamu kidogo mdomoni, akingoja nicheke, niketi, niseme "Ni yake, miye nimekosea." Maneno machache. Niliyajua. Nilikuwa nayo mdomoni. Na wakati huohuo nikamsikia mume wangu akipukuchua mahindi, nikaziona wiki tatu tatu za miaka miwili, nikaliona tanuri, na mdomo wangu haukufunguka. Sikusema ni langu. Wala sikusema ni lake. Nilisimama tu, kwa muda ambao mtu angeshona pindo la upande mmoja wa blanketi.

"Ni mimi," mwenzangu akasema. Tabasamu halikuwepo tena.

"Na huyu?"

Hata hapo sikuketi.

Afisa akamgeukia supavaiza. Supavaiza naye aliona hatari yake: akisema ukweli, ataulizwa ni viti vingapi vingine vilikuwa na watu wawili.

"Mkubwa, mimi nilikuwa nahesabu viti tu," akasema. "Sura sijui."

Afisa hakufoka. Aliandika kitu pembeni mwa jina, akaeleza kwamba jina hili halijathibitishwa, na mwenye jina alete barua ya kambi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akasoma jina lililofuata. Mtu mwingine akaitika, akapita katikati yetu kwenda mbele.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Nilimfuata mwenzangu nikisema dada, dada, sikukusudia, niliitika tu, unanijua. Alitembea mpaka kambini bila kugeuka, akaingia jikoni, akatoka na vitu vyangu: kikombe, kitenge changu cha kulalia, na ule mto wa kiti ambao siku ya mwisho ya kiwanda alikuwa ameubeba yeye. Akaviweka mikononi mwangu kimoja kimoja. Mtoto wake wa mwisho, yule ambaye kwa ajili yake nilianza kushika kiti, akaita jina la mama yake kwa sauti ili niitike. Ulikuwa mchezo wake. Hakuna aliyeitika.

"Nyabo, kwenda nyumbani kwako," akaniambia. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nilisikia baadaye, kwa mama mmoja wa pindo aliyepata ususi, kwamba barua zilimchukua wiki nyingi. Ofisi ya kambi ilitaka cheti cha ndoa, cheti kilikuwa kwa wakwe, wakwe walikuwa mbali na hawakuwa na haraka. Alipofikisha karatasi zote, orodha ilikuwa imekwishapelekwa Kampala na masomo yamekwishaanza. Afisa alisikitika, na ninaamini alisikitika kweli. Nafasi moja ya uokaji ilibaki wazi miezi yote tisa.

Mavuno yalipokuja nilipeleka maharage kambini, gunia zima, la kuombea msamaha. Nilikuta mlango uko wazi na msichana mdogo, mke wa askari mpya, anasugua sufuria. Hakujua habari za aliyemtangulia. Alidhani nauza. Nikarudi na gunia langu, na mume wangu tangu siku ile hajataja tena habari ya nani alikaa wapi.

Mwaka mmoja baadaye waligawa blanketi Rubondo. Zilikuwa za kijivu, nyepesi, zimetoka ng'ambo, kingo zimechomwa kwa moto badala ya kushonwa. Baada ya mwezi watoto walikuwa wanazivuta nyuzi. Zile za nyumbani kwangu nilizishonea pindo kwa mkono, zote tano, na nilipomaliza nililia kwa nguvu, mchana, mbele ya jirani zangu, nao wakadhani nimepata habari ya msiba kutoka Kongo.

Miaka ikapita. Sita, au karibu. Presha ilinishika, nikaanza kwenda hospitali Mbarara. Pale unakuja na daftari la shule lenye jina lako juu, unaliweka kwenye rundo mezani, unakaa kwenye benchi na kungoja nesi asome. Benchi ni gumu na kungoja ni kurefu, kwa hiyo nilizoea kubeba mto. Ni ule ule. Umechakaa, lakini nilikuwa na huo tu.

Siku hiyo nilikaa benchi la mbele. Nesi akanyanyua daftari, akasoma.

"Niko!"

Nilikuwa nimekwishasimama. Nyuma yangu, polepole, kama mtu anayeinua mzigo, sauti nyingine ikasema, "Niko."

Nesi akatutazama. "Wawili? Nani mgonjwa? Jina ni ya nani?"

Safari hii hapakuwa na muda wowote katikati.

"Ni yake," nikasema. "Miye nimekosea."

Nikageuka. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mirefu tu, shingo imefungwa kitambaa. Alikuja mbele akishika migongo ya mabenchi. Alipofika kwangu alisimama. Akautazama mto uliokuwa kwenye benchi, akautambua, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ni maneno kidogo hivyo," akasema.

"Dada…"

"Kuitika, mimi ndiyo nilikufundisha. Hiyo najua. Siku ile ile nilijua." Alikuwa anapumua kwa shida, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. "Kunyamaza, nani alikufundisha?"

Nesi alikuwa ameshika mlango wa chumba cha ndani, ambako sisi wa presha, tunaopimwa na kupewa vidonge hapohapo mezani, hatuingii. Mwenzangu hakungoja jibu. Akaingia, mlango ukafungwa.

Nilichukua mto wangu nikaenda benchi la nyuma, mahali alipokuwa amekaa. Nikauweka pale pale pake, nikaketi kando nikauwekea mkono. Watu walikuwa wengi, wengine wamesimama. Mzee mmoja akaniomba nisogee. Nikamwambia kuna mtu. Mama mwenye mtoto akaniambia mimi ni mchoyo, nikamwambia kuna mtu. Nilikuwa nimeamua kwamba atakapotoka atachoka, atataka kuketi, na mahali pake patakuwepo, na mto utakuwepo, nami nitamwambia kila kitu: mume wangu, mahindi, gunia la maharage, yote.

Wakati nangoja, nesi alisoma jina langu. Langu mwenyewe. Nililisikia vizuri. Nikiinuka, kiti kinachukuliwa. Akalisoma mara ya pili, akatazama huku na huku, akalirudisha daftari chini ya rundo.

Watu wakaingia na kupungua. Mchana ukaisha. Mwanamume wa usafi alikuja na ndoo, akaanza kupiga deki kutoka upande wa mbele, na alipofika kwangu nikamuuliza mbona wanaoingia mle ndani hawatoki.

"Mama, hapo iko na mlango ingine nyuma," akasema. "Yenye inaenda kwa dawa. Wote wanatokea huko."

Nesi alikuwa anafunga. Juu ya meza kulikuwa kumebaki daftari moja. Akalinyanyua, akasoma jina langu mara ya tatu.

"Niko," nikasema.

"Nilikuita mara mbili. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa nashika kiti ya muntu."

Akayatazama mabenchi yote, mpaka la mwisho. Kisha akanipa daftari langu, akaniambia nirudi kesho.